Tanki la Land Rover ya zamani limeingia kutu: ulitengeneze au uweke jingine?

Ukifungua boneti ya Land Rover Series III ya petroli, ubavuni mwa injini utaona pampu ya mafuta yenye kibakuli cha kioo chini yake. Kibakuli hicho ndicho kilichoniambia ukweli. Gari lilikuwa limezima Buigiri, mkoani Dodoma, mara ya tatu tangu tuvuke Mbande, na kila mara kwa tabia ileile: linaanza kumisi, linakosa nguvu, linazima. Ukikaa dakika kumi ukipunga upepo, ukipiga funguo linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Nililegeza waya unaoshika kibakuli, nikakishusha. Chini kulikuwa na tope la rangi ya ugoro, na juu ya tope vipande vyembamba vya kutu, vimekaa kama magamba ya samaki.

Tabia hiyo ya kuzima na kuwaka ina maelezo mepesi. Pampu ikivuta, magamba ya kutu hufuata mafuta hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea ndani ya tanki na kuuziba. Injini ikizima mvuto unaisha, magamba yanaanguka chini, njia inafunguka. Safari inaendelea mpaka yakusanyike tena. Watu wengi hapo huanza kubadili koili, plagi, hata kabureta. Nimeona mtu Kizota akinunua kabureta nzima, na wiki mbili baadaye jeti za ile mpya zikaziba vilevile. Kama gari lako linazima na kupona lenyewe, tazama kibakuli kwanza.

Naandika ulinganisho huu kwa sababu nimeishi na njia zote mbili. Gari langu ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, lililokuwa la mzee wangu kule Mpwapwa na likakaa miaka mingi chini ya mkwaju. Shemeji yangu wa Kondoa ana 109 Station Wagon, ile ndefu ya inchi 109. Magari yote mawili yaligundulika yana kutu ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilitengeneza tanki lililokuwepo, yeye akaweka jipya. Leo, baada ya miaka minne ya kuyatumia, naweza kusema kila uamuzi ulikuwa sahihi kwa gari lake, na ungekuwa kosa kwa gari la mwenzake. Kilichoamua ni hali ya bati la chini na maungio yake. Mfuko unakuja baadaye.

Kwanza lijue tanki lako

Tanki la fupi lipo chini ya kiti cha mbele cha kulia na linabeba lita 45. La Station Wagon ndefu lipo nyuma, na linabeba lita zipatazo 68. Yote mawili yamefungwa kwa boliti kwenye vishikio vya fremu, na hapo ndipo ugonjwa wa nje unapoanzia. Vumbi letu la Dodoma hujaa kati ya tanki na kishikio, mvua za Desemba zinapofika linageuka tope, tope linashika unyevu hadi Aprili, na bati linaliwa taratibu bila mtu kuona. Kwa ndani, kutu huletwa na maji: yale yanayoingia na mafuta, na yale ya hewa inayoingia tanki likiwa nusu tupu, ikapoa usiku na kuacha matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hulala chini kabisa, kwenye sakafu ya tanki na kwenye mshono, pale bati mbili zinapoungana.

Lishushe. Mwaga mafuta yote kupitia nati ya chini, ondoa floti ya geji, acha tanki wazi nje, mbali na moto wowote, kwa siku kadhaa. Kama gari lilipaki kabla ya 2006, mafuta na tope la ndani huenda yana madini ya risasi, maana petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka huo. Usinawe mikono nayo, usiimwage shambani, na watoto wasisogee.

Kisha fanya vipimo viwili. Cha kwanza: sugua chini ya tanki kwa brashi ya waya hadi uone chuma, halafu chukua sindano ya kushonea magunia na uibonyeze kwa nguvu ya kidole gumba, hatua kwa hatua, hasa kwenye kona na kandokando ya mshono. Bati zima linakataa. Bati lililokwisha linabonyea au linatoboka. Cha pili: jaza tanki maji, liweke juu ya katoni lililotandazwa sakafuni, uende ukalale. Asubuhi katoni litakuwa na ramani. Langu lilikuwa na alama mbili za mviringo, kila moja kama shilingi mia, zote katikati ya sakafu. La shemeji lilikuwa na mstari mrefu wa unyevu uliofuata mshono wa nyuma kutoka kona hadi kona, na sindano ilipita sehemu sita.

Hapo tayari tulikuwa na majibu, ingawa mimi nilichelewa kuyasikia.

Njia ya kutengeneza: kazi yote iko kwenye kusafisha

Nianze na nilivyokosea, maana ni kosa linalouzwa kila siku. Baada ya Buigiri nilipeleka tanki kwenye gereji moja, nikaahidiwa kwamba litapakwa rangi maalumu ya ndani, ile ya epoksi ya kuchanganya makopo mawili, na kwamba rangi hiyo "inameza kutu na kuziba matundu". Ilikuwa Februari, mvua zimekolea. Tanki lilioshwa asubuhi, likapakwa jioni. Kufikia Julai rangi ilianza kubanduka ndani kama ngozi ya nyoka, vipande vipana, na sasa bomba la kunyonyea lilikuwa linazibwa na kitu kibaya kuliko kutu. Rangi ya ndani ni dawa nzuri ikiwekwa juu ya chuma kikavu, kisicho na mafuta wala kutu legevu. Ikiwekwa juu ya unyevu inakaa kwa muda, halafu inaachia. Tena ikishaachia, kuitoa ni mateso: nilitumia dawa ya kuondolea rangi mizunguko mitatu, glavu mkononi, nje kwenye upepo. Kwa maoni yangu tundu halizibwi kwa rangi. Tundu linazibwa kwa chuma, rangi inakuja baadaye kama inahitajika.

Septemba nikaanza upya. Chagua miezi hiyo kama una nafasi ya kuchagua. Hapa kwetu kati ya Agosti na Oktoba jua ni kali, upepo hauishi na hewa ni kavu kabisa. Tanki linalochukua siku tatu kukauka mwezi wa pili, linakauka mchana mmoja.

Hatua ya kwanza ni kung'oa kutu legevu. Nilitia mnyororo wa mita moja na nusu ndani ya tanki, ncha moja nikaifunga waya uliobaki nje ili usije ukapotelea nyuma ya bati la kati linalozuia mafuta yasiruke, nikaliviringisha tanki kwenye mablanketi mawili na kulifunga kwa kamba ndani ya mikisa ya zege ya jirani anayejenga. Mji huu umejaa mikisa siku hizi, hutakosa ya kuazima jioni mafundi wakishafunga kazi. Nusu saa upande mmoja, nusu saa upande wa pili. Iliyotoka ilijaa nusu ya kopo la rangi la lita nne.

Hatua ya pili ni dawa. Zipo nyingi. Siki ya kawaida ya asilimia 5 inafanya kazi, lakini unahitaji ya kujaza tanki zima. Asidi ya sitriki, ule unga mweupe wenye ukali wa ndimu, ni ya haraka: kilo moja kwa lita 20 za maji ya moto, usiku mmoja au mawili. Ukitumia chaja ya betri na maji yenye soda ya kuokea unapata matokeo mazuri pia, ila mvuke unaotoka ni haidrojeni, hulipuka, na kipande cha chuma unachounganisha na waya wa chanya kisiwe cha pua, kwa sababu hutoa sumu ndani ya maji. Mimi nilitumia molasi. Wafugaji wananunua molasi za mifugo zinazotoka viwanda vya sukari vya Morogoro, ni rahisi, na hazili chuma kizima kama asidi kali zinavyoweza. Kipimo ni sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji: lita nne na nusu, maji lita arobaini na nusu, tanki likajaa. Wiki mbili. Ziba midomo vizuri, nyuki watakuja. Na usiloweke humo kitu cha alumini, kama vile kabureta, kitaliwa.

Nilipomwaga, niliangaza kwa tochi. Chuma kilikuwa cha kijivu, safi, unaona hadi alama za mashine iliyokikunja kiwandani. Nikasuuza kwa maji ya bomba, nikaingia ndani kuchukua kitambaa. Niliporudi, baada ya robo saa hivi, sakafu yote ya tanki ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Chuma kilicho uchi hakina subira, na maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, chumvi inaharakisha. Nikarudia sitriki kwa saa chache, safari hii nikajipanga: maji yenye soda ya kuokea vijiko kadhaa ili kuua asidi (magadi ghafi sikuyatumia, yanakuja na chumvi yake), kisha maji ya mvua niliyoyahifadhi kwenye dumu, kisha nusu lita ya spiriti kuzungusha ili ibebe unyevu uliobaki, kisha jua na upepo, midomo yote wazi. Likikauka tu, nikamimina lita mbili za petroli iliyochanganywa na oili na kulizungusha tanki kila upande. Kutu haikurudi.

Matundu mawili yaliyoonekana kwenye katoni nilikuwa nimeyapeleka kwa fundi rejeta kabla ya kutia petroli hiyo, na kwa sababu dawa na kuoshwa vilikuwa vimekwisha, alikuwa na chuma cha kushika. Watu hupeleka tanki kwa fundi wa kuchomelea mageti. Mpeleke kwa fundi rejeta, yeye maisha yake yote ni bati jembamba na risasi ya kulehemu. Matanki ya zamani, unene wake kama milimita moja, yalitoka kiwandani yamepakwa mchanganyiko wa madini ya risasi na stani, na ndiyo sababu kulehemu kunayafaa. Fundi wangu wa Majengo aliligonga kwa kucha, akasikiliza, akasema, "Kaka, hili bati bado zima. Risasi inataka pa kushika. Ungeniletea kutu tupu ningekurudishia." Akaweka kiraka kidogo cha shaba kila tundu na kuyeyushia risasi juu yake. Kazi ya saa moja.

Kuhusu moto, soma hapa polepole

Tanki tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Petroli haiungui ikiwa kimiminika, mvuke wake ndio unaoungua, na mvuke ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa iliyomo unalipuka. Tanki lililomwagwa jana ndilo lina kipimo hicho. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki wenyewe hata ukiacha mfuniko wazi, unakaa chini. Na kuosha kwa sabuni hakutoshi: mafuta hujificha ndani ya mshono na chini ya magamba ya kutu, moto ukipita juu yanapata joto na kutoa mvuke upya.

Fundi anayejua kazi atachemsha maji na sabuni ya unga na kuosha zaidi ya mara moja, halafu atajaza tanki maji hadi karibu na sehemu ya kazi, abakize nafasi ndogo tu, na midomo yote iwe wazi. Pasi ya kulehemu itapashwa moto mbali, iletwe ikiwa na joto bila ndimi za moto. Anayekuambia "nimepitisha moshi wa ekzosi, liko salama, naweka gesi" mshukuru na ubebe tanki lako. Hakuna kipimo kinachomwambia kama moshi umejaa kila kona.

Njia ya kubadilisha

Tanki la mtumba kutoka kwenye gari bovu nitalipitia haraka. Linafaa tu ukilipima kwa sindano na katoni kabla ya kulipa. Mara nyingi unanunua ugonjwa uleule wenye umri uleule, na kazi yote ya kusafisha inakusubiri palepale. Kwa mtu ambaye tanki lake limeoza mshono na amepata la mtumba lenye sakafu nzima, ni biashara nzuri. Nje ya hapo, hapana.

Tanki jipya la kiwandani kwa ajili ya Series bado linatengenezwa, Uingereza wapo wanaouza. Linaingia kwenye matundu ya boliti bila ugomvi, floti inakaa, mdomo unakaa. Ubaya ni gharama ya kusafirisha kitu kikubwa kilichojaa hewa, ushuru, na kusubiri. Mwenye gari la maonyesho, anayetaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka, aende huko bila kusita.

Shemeji alichagua kutengenezewa jipya. Mshono wake ulikuwa umekwisha, na mshono ukishaoza hautengenezeki kwa maana ya kweli: kutu imo kati ya bati mbili zilizobanwa, dawa haifiki, risasi haifiki, ukiziba huku inatokea kule. Alipeleka tanki la zamani kama kielelezo kwa mafundi wa vyuma Dar es Salaam, akatengenezewa la chuma cha pua, unene milimita moja na nusu, likarudi kwa basi. Chuma cha pua ndani hakitaki dawa wala rangi. Kwa ubora wa chuma peke yake, alinishinda.

Lakini tanki ni zaidi ya sanduku. Lile la kwanza lilikuja bila mabati ya kati ya kuzuia mafuta yasiruke. Kwenye kona za milimani nyuma ya Kondoa, likiwa robo, mafuta yote yalikimbilia upande mmoja na injini ikavuta hewa. Likarudi Dar es Salaam. Liliporudi mara ya pili lilikuwa na mabati mawili yenye matundu, ila bomba la pumzi lilikuwa limesahaulika na mfuniko aliouweka haukuwa wa kupumua. Gari likawa linazima kila baada ya nusu saa. Alipofungua mfuniko, tanki likavuta hewa kwa sauti, fyuuu, akajua. Kisha geji ikagoma: alikuwa ameweka mpira kati ya tanki na fremu, jambo zuri kabisa maana chuma cha pua kikigusana na chuma cha kawaida penye unyevu kile cha kawaida huliwa haraka, lakini floti hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia mwili wa tanki, na mpira ulikuwa umeikata. Waya mmoja kutoka tanki hadi fremu ukamaliza.

Kwa hiyo ukiagiza, mpe fundi maandishi: mabati ya kati mangapi, bomba la pumzi wapi, tundu la floti na boliti zake kwa kipimo cha floti yenyewe, nati ya kumwagia chini, na bomba la kunyonyea liishie juu kidogo ya sakafu ili maji yabaki chini. Mwambie apime uvujaji kwa povu la sabuni na upepo mdogo sana, psi mbili au tatu. Kompresa ya matairi ikifunguliwa yote italivimbisha tanki kama andazi. Na usikubali bati la mabati ya kuezekea ili kupunguza bei, zinki yake ina moshi mbaya wakati wa kuchomelea na haipatani na dizeli.

Ningekushauri nini

Kama sindano imekataliwa kila mahali na katoni limebaki kavu, safisha tu, usipake kitu. Kama kuna matundu mawili matatu katikati ya bati zima, safisha, lehemu, tumia. Hapa kubadilisha ni kutupa pesa, na unapoteza kipande cha gari kilichozaliwa nalo. Kama mshono unavuja au sindano imepita sehemu nyingi, usipoteze Septemba yako kwa molasi. Badilisha.

Katikati kuna matanki ya kubishaniwa: mshono mzima, ila sakafu imepungua kila mahali. Wapo wanaokata sakafu yote na kuweka bati jipya. Inawezekana, lakini kwa bei ya fundi mzuri wa kazi hiyo na hatari yake, mimi ningejazia kidogo nitengenezewe jipya. Isipokuwa gari ni la nadra ambalo hata kielelezo hakipatikani.

Kwa njia yoyote, weka filta ya plastiki angavu kati ya tanki na pampu. Mimi niliibadilisha baada ya kilomita 100 za kwanza, halafu baada ya 500, na kila mara nilifungua kibakuli. Mara ya kwanza kulikuwa na vumbi jekundu jembamba. Mara ya pili, punje chache. Gari likipaki zaidi ya wiki mbili, hasa kuanzia Desemba, najaza tanki hadi shingoni ili hewa isipate nafasi. Wiki iliyopita nimetoka Mpwapwa kupitia njia ileile. Nilisimama Buigiri makusudi, nikafungua boneti. Kioo kilikuwa cheupe, petroli ndani yake inaonekana hadi upande wa pili.